Nimepona kichaa cha uzazi, lakini mwanangu bado yuko kwa bibi yake

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa, na ninaishi na mume wangu Morogoro mjini, ambako kazi yangu ni ushonaji. Nimesita kwa muda mrefu kukuandikia, kwa sababu jambo lenyewe limekubaliwa nyumbani kwetu kwamba lisitoke nje. Hata hivyo, limefika mahali ambapo kila uamuzi ninaotakiwa kuufanya unalitegemea, na sina mtu wa kuniambia ukweli bila kuniogopa au kunihurumia.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, zaidi ya miaka miwili iliyopita. Mimba haikunisumbua, na nilijifungua salama kwa njia ya kawaida. Kwa desturi ya kwetu nilipelekwa kwa mama mkwe wangu, Kilosa, nikae huko siku arobaini. Siku chache baada ya kujifungua usingizi ulinikimbia kabisa. Haikuwa kwamba mtoto ananiamsha. Mtoto alikuwa amelala fofofo, nami nipo macho nikiwa na nguvu za ajabu, nafua nepi ambazo zilikwisha kufuliwa, nazianua zikiwa bado mbichi, nazifua tena. Baadaye nikaanza kusikia majina yetu yakitajwa redioni. Kisha nikawa na hakika isiyo na chembe ya shaka kwamba mtoto niliyenaye siye niliyemzaa, kwamba alibadilishwa hospitalini, na kwamba nikimwosha usiku kwa maji mengi mtoto wangu wa kweli atarudi. Usiku mmoja mama mkwe aliamka akanikuta uani, karibu na pipa la maji, nimekwisha kumvua mtoto nguo. Alimchukua mikononi mwangu bila kusema neno. Tangu usiku ule hajaniachia mtoto nikiwa peke yangu hata kwa muda wa kuchota maji.

Watu wa nyumbani walisema ni majini. Nilipelekwa kwa mganga, halafu kwenye maombi, na huko kote hali ilizidi kuwa mbaya. Mjomba wa mume wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyesimama akasema nipelekwe hospitali. Nililazwa katika wodi ya magonjwa ya akili kwa wiki kadhaa. Mengi ya wodini siyakumbuki vizuri, lakini nakumbuka maziwa. Mtoto alibaki na bibi yake akinyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe, huku mimi matiti yamejaa, yamekuwa magumu, kanga imelowa mpaka kiunoni, nikiuliza kila anayepita mtoto wangu yuko wapi, na hakuna aliyenijibu. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuja na bakuli na kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu, akakaa pembeni ya kitanda changu, akanisaidia kukamua taratibu, huku akinitajia jina la mtoto wangu, umri wake, na kwamba anakunywa vizuri. Dawa ndizo zilizonirudishia usingizi, lakini yule mama ndiye wa kwanza kuniambia jambo ambalo niliweza kuliamini.

Dawa za mwanzo zilinikaza shingo na taya, na mikono ikatetemeka hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, jambo lililonitisha mno kwa sababu mikono hii ndiyo inayonilisha. Daktari alizibadilisha. Sasa natumia olanzapini kidonge kimoja usiku, pamoja na dawa nyingine ambayo boksi lake limeandikwa sodium valproate, asubuhi na usiku. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa sijasikia sauti yoyote, nalala vizuri, nimerudi kwenye cherehani, na msimu uliopita nilipewa kazi ya kushona sare za shule nikaimaliza kwa wakati.

Mama Mshauri, haya ndiyo yanayonisumbua. Mwanangu bado yuko Kilosa. Nikienda kumwona, bibi yake anakaa mlangoni muda wote nikimlisha. Mtoto anamwita bibi yake mama, na mimi ananiita dada, kama anavyosikia watoto wa jirani wakiniita. Wifi yangu naye anasema kwamba mtu anayemeza dawa kila siku hajapona, na kwamba niache vidonge ili tuone kama kweli Mungu ameniponya. Mume wangu ni mtu mwema. Alilala kwenye benchi la hospitali kwa ajili yangu, na hajawahi kunitupia neno baya. Lakini sasa anataka tupate mtoto wa pili, na anashauri kwamba nikishika mimba nianze kliniki mahali pengine ambako hatujulikani, tusiseme lolote kuhusu yaliyopita, ili rekodi ile isinifuate mimi na watoto wangu maisha yote.

Je, nimepona au sijapona? Nitampataje mwanangu bila kuvunja nyumba? Na je, naweza kuzaa tena?

Wako,
Mama wa mtoto mmoja, Morogoro.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninakushukuru kwa kueleza hata yale ya uani karibu na pipa la maji, kwa sababu bila hayo nisingeweza kukujibu ipasavyo. Mimi si daktari wako wala sina faili lako mbele yangu. Kwa hiyo yote nitakayoyasema kuhusu dawa ni ya kuyapeleka kwa daktari anayekutibu, wala usiyatekeleze nyumbani kwa uamuzi wako peke yako.

Nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri, nalo ni ile dawa ya pili, valproeti. Ni dawa inayotibu vizuri, na ninaelewa kwa nini waliitumia kuyatuliza maradhi yako. Hata hivyo, kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, hatari yake inajulikana vizuri. Kati ya watoto waliokuwa tumboni huku mama akiitumia, takribani mmoja katika kila 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, ikiwemo mgongo wazi, na 3 hadi 4 katika kila 10 huchelewa kutembea, kuzungumza au kujifunza. Ndiyo sababu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba dawa hii isitumiwe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Sehemu ya mwili wa mtoto inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga katika takribani wiki 4 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mwanamke wa kawaida anafikiri tu kwamba amechelewa siku zake. Mama anayesubiri mpaka kipimo kionyeshe mimba ndipo aulize kuhusu dawa atakuwa amechelewa.

Kwa hiyo, mwambie mume wako kwamba habari ya mtoto wa pili inasimama kwa sasa, na tangu leo mtumie njia ya uhakika ya uzazi wa mpango. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako. Nenda mapema, umwambie daktari kwamba mnataka mtoto, na umwombe akuhamishe kutoka valproeti kwenda kwenye tiba nyingine kwa utaratibu na uangalizi, kisha mngoje muda wa kutosha kuona kama unabaki imara kwenye tiba hiyo mpya. Mwulize pia lini uanze kumeza foliki asidi na kwa kiasi gani. Lakini nakusihi, usiitupe dawa hii leo usiku kwa sababu umesoma maneno yangu. Kuiacha ghafla kunaweza kuyarudisha maradhi, na mama aliyerudiwa na maradhi hawezi kupanga mimba wala kumlea mtoto aliye naye.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Maradhi uliyoyaeleza, ambayo watu wetu tangu zamani huyaita kichaa cha uzazi na madaktari huyaita saikosisi baada ya kujifungua, huwapata takribani mama 1 hadi 2 katika kila uzazi 1,000, na mara nyingi huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Usingizi unaokatika ingawa mtoto mwenyewe amelala, nguvu zisizo za kawaida, sauti, na imani kwamba mtoto amebadilishwa, vyote hivyo ni dalili zinazojulikana. Hayafanani na ule unyonge wa machozi unaowapata akina mama wengi siku za mwanzo ukaisha wenyewe, wala si sawa na sonona, ambayo huwapata mama wengi zaidi na huja polepole. Hili ni jambo la dharura, la kukimbiziwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mama anaweza kumdhuru mtoto au kujidhuru mwenyewe huku akiamini kwa moyo wote kwamba anaokoa maisha. Ulipomvua mtoto wako nguo usiku ule ulikuwa unamtafuta mwanao. Nataka ulijue hilo bila kulipunguzia uzito, kwa kuwa hatari ilikuwa ya kweli, na mama mkwe wako alifanya jambo sahihi kabisa.

Wengi waliopata maradhi haya hupona kikamilifu. Wewe unalala, unashona, umemaliza kazi ya watu kwa wakati, na unaweza kuueleza ugonjwa wako kwa utulivu na mpangilio ambao mgonjwa asiyetulia hawezi kuwa nao. Mimi naita huko kupona. Wifi yako anapima kwa vidonge, na kipimo hicho ni kibaya, kwa sababu jaribio analolipendekeza, la kuacha dawa ili tuone, ndiyo njia fupi ya kukurudisha wodini. Swali la maana zaidi ni hili, na naomba umwulize daktari kwa maneno haya haya: je, maradhi yangu ni yale yanayokuja baada ya kujifungua tu, au ni mwanzo wa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule unaoitwa baipola? Wapo wanawake ambao nje ya uzazi hawaugui tena, na hao daktari huweza kuwapunguzia dawa taratibu mpaka kuziacha. Wapo wengine ambao uzazi umefichua ugonjwa utakaohitaji dawa kwa miaka mingi. Jibu la daktari ndilo litakaloamua habari ya vidonge vyako. Wifi akitaka kukuombea, mpokee kwa moyo mweupe, kwani dua haijawahi kugombana na kidonge. Mwambie tu kwamba wakati anaomba, wewe utaendelea kumeza.

Nije kwenye shauri la mume wako, ambalo ndilo lililonishtua kuliko yote uliyoyaandika. Ninaelewa hofu yake. Amewasikia watu wakinong'ona, amefikiria mtoto wake akiitwa mtoto wa kichaa shuleni, na anadhani kwamba kubadilisha kliniki kutawafungia mlango watu hao. Kuwanyima majirani habari za afya yako ni haki yako; huna deni la maelezo kwa mtu yeyote wa mtaani, wala kwa mteja anayekuletea kitambaa. Lakini mkunga, muuguzi wa kliniki ya wajawazito na daktari atakayekuzalisha si watu wa mtaani. Mwanamke aliyewahi kupata maradhi haya, akizaa tena, uwezekano wa kurudiwa hukadiriwa kuwa kati ya mmoja kwa watatu na mmoja kwa wawili. Uwezekano huo ni mkubwa, na nimeutaja kwa tarakimu ili mumeo asidhani ninamtishia. Katika mimba ya kwanza hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Katika mimba ya pili mtajua miezi mingi kabla, mtajua hata majuma ya kuangalia, na ujuzi huo mlioulipia kwa machozi mengi ndio kinga yenu kubwa. Kwenda kuanza upya kwa wasiokujua ni kuitupa kinga hiyo na kurudi pale pale mlipokuwa usiku ule Kilosa, ila safari hii kwa hiari yenu.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kuzaa tena, nami sitaki mtu akufunge kwa hofu. Wanawake waliopita ulikopita wewe wamezaa tena na kunyonyesha na kulea. Lakini uzae kwa mpango, na mpango huo uandikwe. Siku ya kwanza ya kliniki, waambie, na uombe iandikwe kwenye kadi yako kwamba uliwahi kupata saikosisi baada ya kujifungua, umelazwa lini, na dawa zipi zilikufaa, hata zile zilizokukaza shingo, ili zisirudiwe. Daktari wa akili na wale wa uzazi wajuane kupitia kadi hiyo. Jifungulie hospitali yenye daktari, si kituo kidogo, na uombe usiruhusiwe upesi. Pale mtakapoamua pamoja na daktari kuendelea na dawa wakati wa mimba, jambo ambalo hufanyika mara nyingi kwa dawa kama olanzapini, ataangalia uzito wako na sukari yako kwa karibu. Kuhusu kunyonyesha pia umwulize mapema, kwa sababu zipo dawa ambazo mama hunyonyesha huku akizitumia, mtoto akiangaliwa kama analala kupita kiasi au hanyonyi vizuri, na ipo kama lithiamu ambayo kwa kawaida madaktari hushauri mama asinyonyeshe. Ikibidi usinyonyeshe ili ubaki na akili yako timamu, mtoto hajanyimwa mama.

Jambo ambalo ningependa mlipange kwa uangalifu kuliko yote ni usingizi. Kwetu tumejaliwa siku arobaini, na mimi naiheshimu sana desturi hii. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mzazi hupikiwa mtori, hupikiwa uji wa pilipili manga, huogeshwa na kukandwa, halafu usiku ukiingia anaachwa peke yake na mtoto mpaka alfajiri, na mchana nyumba imejaa wageni wa pongezi wasiomwacha apumzike. Kwako wewe iwe kinyume chake. Wageni wapungue, na usiku uwe na zamu inayojulikana. Mwenye zamu alale chumba kimoja na mtoto, wewe ulale chumba kingine. Kama unanyonyesha, uletewe mtoto mwishoni mwa jioni anyonye ashibe, kisha anayefuata usiku wa manane apewe maziwa uliyokamua kwa kikombe safi, ili upate saa kadhaa za usingizi usiokatizwa. Mumeo achukue zamu zake pia. Najua watakaosema kwamba baba kumshika mtoto mchanga usiku si desturi. Baba aliyelala kwenye benchi la hospitali kwa ajili ya mkewe ataliweza hilo.

Watu wa nyumba nzima wazijue dalili za mwanzo, tena zile zako wewe, kama ulivyozieleza: usingizi kukatika wakati mtoto amelala, kazi zisizokwisha usiku, maneno kukimbia, redio kuonekana inazungumza na wewe, shaka juu ya mtoto. Akiziona mtu yeyote, hata kama wewe mwenyewe unakana na kukasirika, upelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mtoto asiachwe na wewe peke yako mpaka daktari aseme vinginevyo. Kubalianeni hilo sasa ukiwa mzima, ukiwaruhusu kwa kauli yako wakupeleke hata siku utakayosema hutaki.

Limebaki la mwanao wa sasa. Hili linakuuma zaidi, lakini ndilo ambalo sina mashaka nalo sana. Mtoto wa miaka miwili anayemwita bibi yake mama hajakukataa. Amemwita hivyo aliyemwona kila asubuhi. Atakuja kukuita mama akikuona wewe kila asubuhi, ila usimng'oe kwa siku moja, maana kwa akili yake atakuwa amepotezewa mama. Anza kwa kwenda Kilosa na kulala huko siku za mwisho wa juma, umwogeshe wewe, umlishe wewe, umlaze wewe, bibi yake akiwepo. Usiudhike akikaa mlangoni. Aliyoyaona usiku ule hayajamtoka, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukaa naye akamweleza alichokiona ni kitu gani. Kwa ufahamu wake, jini lile linaweza kurudi mchana wowote. Mwombe mume wako amlete kliniki siku moja, daktari amweleze kwa lugha nyepesi ugonjwa ulikuwa upi, kwa nini umetulia, na ni dalili zipi za kuangalia. Mwanamke aliyeamka usiku akamwokoa mjukuu wake anastahili kusikia habari hizo kutoka kwa anayezijua. Nina imani kwamba akipewa kazi ya kuangalia dalili zinazojulikana, ataacha kukuangalia wewe mzima mzima kama hatari. Baadaye aje Morogoro na mtoto, akae nanyi kwa muda, kisha arudi Kilosa peke yake.

Mtu wa kulisimamia hilo unaye tayari. Mjomba yule mwalimu alisema neno moja likasikika wakati kila mtu amepotea. Mwende kwake wewe na mumeo, mmwombe aitishe kikao cha familia, na tarehe za mtoto kuja kwenu zitajwe hapo mbele ya wazee. Ikishindikana kabisa, afisa ustawi wa jamii wa wilaya yupo kwa ajili ya mambo kama haya, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba ni kwa manufaa ya mtoto aliye chini ya miaka 7 kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Nakutajia ili ujue kwamba huombi fadhila. Lakini sikushauri uanzie huko, kwa sababu mama mkwe huyuhuyu ndiye ninayemtaka awe kwenye zamu ya usiku siku utakapozaa tena.

Siku ya kliniki, kama ulimi utakuwa mzito, andika kwenye karatasi na umkabidhi daktari: "Nilipata kichaa cha uzazi baada ya mtoto wa kwanza. Natumia valproeti na olanzapini. Tunataka mtoto wa pili, naomba tupange kabla sijashika mimba. Naomba pia kujua kama nina baipola au la." Mume wako aingie nawe chumbani, akae kiti cha pembeni, na hofu yake kuhusu rekodi aiulize yeye mwenyewe kwa sauti yake.